Gari Lisiloweza Kupita Lukemba

Lori lilishushwa kutoka kwenye behewa Jumatatu asubuhi, na nusu ya watu wa karibu na stesheni ya Kindu wakaja kulisikiliza. Si kulitazama, kulisikiliza. Habari zilikuwa zimewafikia tangu wiki iliyotangulia kwamba linatembea bila kunguruma, na watu wa Kindu hawaamini jambo mpaka walishike wenyewe. Vijana walibandika masikio kwenye boneti. Mama mmoja muuza chikwange, ile mikate ya mihogo, alitangaza kwamba gari la namna hii litamaliza mbuzi wote wa mkoa wa Maniema, maana mbuzi hana macho ya nyuma. Watu wakacheka, naye akauza chikwange zake zote.

Florentin hakucheka. Alisimama kando, mikono nyuma, akilizunguka lori kwa macho kama mtu anayeonyeshwa mchumba asiyemchagua mwenyewe. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, na zaidi ya thelathini kati ya hiyo ameimaliza nyuma ya usukani kwenye barabara ya Kindu na Kama. Ushirika wa wakulima wa mpunga wa Kama ulikuwa umepewa lori hilo la umeme na mradi fulani wa maendeleo, na wakulima wakasema kwa sauti moja kwamba atakayelileta nyumbani ni Florentin. Nani mwingine anaijua ile barabara? Hilo lilikuwa kweli. Hakuna shimo asilolijua.

Pamoja na lori alikuja Sandrine, fundi wa umeme kutoka Lubumbashi, binti wa miaka ishirini na nane hivi, kofia kichwani na kompyuta ndogo kwapani. Alikuwa na kazi ya kumfundisha Florentin na kumsindikiza mpaka Kama. Alianza kumfundisha palepale.

"Papa Florentin, hapa hakuna vitesi, hakuna gia ya kubadilisha. Unakanyaga, inaenda. Unaacha, inasimama."

"Na huu mukono wangu wa kuume utafanya kazi gani sasa?"

"Utapumzika, papa. Umefanya kazi ya kutosha."

Alimzungusha uwanjani mara nne. Lori lilikwenda kimya, tairi tu zikisaga changarawe, na Florentin akakiri moyoni kwamba ni gari zuri. Lina nguvu mlimani, halitoi moshi, halitikisi mifupa ya mtu. Walipomaliza, Sandrine akaongeza jambo moja.

"Hii gari hailie, batu hawatasikia kama unakuja. Kwa hiyo kila kijiji, lazima upige klakson. Usisahau, papa."

"Klakson ninajua kupiga," Florentin akajibu.

Wakaketi kwenye benchi ya stesheni kupanga safari. Sandrine alifungua kompyuta yake, Florentin akafungua daftari la shule lenye kurasa za mistari, maana yeye haamini kitu kisichoweza kukunjwa na kutiwa mfukoni. Betri ikijaa, Sandrine alisema, na mzigo ukiwa nusu, na barabara ikiwa ile ambayo wote wanaijua, lori litakwenda kilomita mia moja na ishirini. Likipata matope, mia. Florentin akaandika vituo kimoja chini ya kingine: Kindu, kivuko, Alunguli ng'ambo ya mto, Kalima. Kalima hakukuwa na shida. Kule bado kuna umeme wa bwawa lililoachwa na kampuni ya zamani ya bati, siku unapopenda kuwaka, na fundi wa pale alikuwa ameshaahidi waya wa kutosha. Watalala huko huku lori likinywa.

"Toka Kalima mpaka Kama ni mbali sana kwa hii betri," Sandrine akasema. "Lazima tusimame katikati. Iko pahali moja tu penye nguvu ya kutosha. Senta ya afya ya masista, waliweka mapano ya kuvuta umeme wa jua mwaka jana. Lukemba."

Penseli ya Florentin ikasimama.

Alisema Lukemba hakuna pa kugeuzia gari. Sandrine akamwonyesha picha ya uwanja wa kituo cha afya, mpana wa kuchezea mpira. Alisema daraja la kabla ya Lukemba limeoza. Sandrine akasema alizungumza na masista juzi, daraja ni jipya. Basi Florentin akapendekeza wabebe jenereta ya dizeli.

"Jenereta ya mazutu kwa kulisha gari ya umeme!" Sandrine alishika kichwa. "Papa, batu batatucheka mpaka Lubutu."

Akapendekeza kupunguza mzigo. Sandrine, kwa uvumilivu wa mtu aliyelelewa vizuri, akapiga hesabu upya na kumwonyesha: hata likienda tupu, lori litakufa kwenye kile kilima kirefu kabla ya Kama. Florentin alikitazama kidole cha Sandrine kwenye kioo cha kompyuta. Hiyo hesabu hakuweza kubishana nayo, kwa sababu kile kilima alikijua.

"Papa, Lukemba iko nini?"

"Hakuna kitu."

Akaandika Lukemba, na mbele yake: masaa matano. Mwandiko wake, ambao kwa kawaida ulikuwa wa kupendeza, ulipinda kama wa mtoto wa darasa la kwanza.

Alimdanganya binti wa watu. Lukemba kulikuwa na kaburi la mke wake, na kwa miaka ishirini na moja amekuwa akipita pale bila kukanyaga breki.

Mwaka 1999 Florentin aliendesha lori la tajiri mmoja wa Kindu, na mke wake Élisabeth alisafiri naye, kwa sababu vita vilikuwa vimefika kila mahali na hakuna aliyetaka kumwacha mtu wake nyuma. Élisabeth alikuwa mtu wa Kibombo, mrefu, mwenye kucheka upesi, na hawakuwa wamepata mtoto bado. Walikuwa wanarudi Kama na chumvi na sabuni za tajiri. Mazutu ilikuwa imeadimika siku zile, madereva wakawa wanaichanganya na mafuta ya mawese ili ifike mbali, na mchanganyiko ule ulipenda kuziba njia na kumalizika kabla ya mtu kutarajia. Iliisha Lukemba, mita chache kutoka nyumba ya kwanza.

Madereva wa Maniema wana sheria moja ambayo haikuandikwa popote: gari la tajiri haliachwi peke yake. Ukilazimika kwenda, unaacha mtu. Florentin alichukua bidoni, dumu tupu la mafuta, aende kambi ya wachimba dhahabu kutafuta mafuta, na mtu aliyemwacha alikuwa Élisabeth.

"Usitoke hapa karibu na gari," alimwambia. "Hata nani aseme nini. Kesho ninarudi."

Hakurudi kesho. Kule kambini alikutana na watu wenye bunduki, nao walipojua ni dereva wakamchukua awaendeshee gari lao. Alikaa nao miezi minne, akipelekwa huku na huku, mpaka siku moja walipokuwa wamelewa akaingia msituni na kutembea siku tisa. Alipofika Lukemba alikuta lori limebaki mifupa myeusi. Kijiji kilikuwa kitupu, watu wote wamekimbilia porini. Na kando ya barabara, karibu na lori, palikuwa na tuta la udongo, na juu ya tuta sufuria.

Kwao marehemu huwekewa vyombo vyake juu ya kaburi, sahani yake, kikombe chake, sufuria yake, vikiwa vimetobolewa ili mwizi asivitamani. Hakuna haja ya kuandika jina. Anayepita akiona chombo anajua nani amelala. Na ile sufuria Florentin aliijua vizuri kuliko mkono wake. Mpini wake ulivunjika njiani wakati fulani, na yeye mwenyewe aliufunga kwa waya mwekundu wa taa ya lori, mizunguko saba, huku Élisabeth akimcheka kwamba anaitengeneza sufuria kama anatengeneza injini. Alipiga magoti hapo, akakaa mpaka jua likapinda. Hakuwepo mtu wa kumuuliza. Kisha akaenda zake Kama.

Vita vilipokwisha na barabara kufunguka, mwaka 2004, alipata lori lingine. Na hapa lazima niseme jambo la honi. Kila dereva wa zamani wa barabara ile ana mlio wake, anaoupiga akikaribia nyumbani, na mke wake akiusikia kutoka mbali anabandika maji motoni, ili mtu akifika akute maji ya kuoga. Mlio wa Florentin ulikuwa tatu fupi na moja ndefu. Tangu safari ile ya kwanza ya 2004, kila alipopita Lukemba aliupiga, tatu fupi na moja ndefu, kumsalimia Élisabeth pale alipolala. Lakini hakusimama hata siku moja. Yeye ndiye aliyesema usitoke karibu na gari. Aliogopa kwamba akishuka, mtu wa Lukemba atamweleza jinsi alivyokufa, na kwamba maneno yake yale yatakuwamo ndani ya habari hiyo. Kwa hiyo alipiga honi na kukanyaga mafuta. Watoto walikuja barabarani kupunga mikono, kama watoto wa kila kijiji. Palikuwa na mmoja mdogo wa kike aliyependa kusimama peke yake karibu na kaburi, naye Florentin alimpungia mkono kila mara, kwa sababu ilimfariji kuona kuna mtu pale.

Hakuoa tena. Ndugu zake walisema mpaka wakachoka.

Jumanne walivuka mto kwa kivuko na kufika Kalima bila tatizo, na Jumatano saa nne asubuhi lori liliingia Lukemba. Sandrine alikuwa amelala, kofia usoni. Florentin hakupiga honi. Mkono ulienda wenyewe kwenye kitufe, akaurudisha mapajani. Aliingiza lori katika uwanja wa kituo cha afya, akasimama chini ya mapano ya jua, na alipoinua macho akaliona tuta ng'ambo ya barabara, hatua thelathini tu, limefunikwa na nyasi. Sufuria ilikuwa bado pale.

Muuguzi kijana alitoka na funguo za chumba cha umeme. Alijitambulisha kwa jina la Princesse, akamsalimia Florentin kwa heshima, shikamoo papa, akamsaidia Sandrine kuvuta waya. Masaa matano, Sandrine akathibitisha, jua likiwa hivi hivi. Florentin alibaki ndani ya lori. Saa ya kwanza ikapita, na ndani mule kukawa moto kama tanuri. Saa ya pili alisema moyoni kwamba mtu mzima hawezi kujificha ndani ya gari linalomtazama mke wake. Akachukua panga chini ya kiti, akavuka barabara, akaanza kufyeka nyasi za kaburi.

Alikuwa amefyeka nusu aliposikia sauti nyuma yake.

"Papa, juu ya nini unagusa kaburi ya mama yangu?"

Alikuwa mama wa miaka sitini hivi, amejifunga kilemba cha kijani, kikapu cha mihogo mgongoni. Florentin aliondoa kofia yake.

"Samahani, mama. Umekosea. Hapa njo analala muke wangu."

"Muke gani? Hapa analala mama yangu mwenyewe, Mama Aïcha. Ni miye Mounira nilimuzika, na hii mikono miwili. Weye ni nani unaniambia miye nimekosea?"

Florentin alionyesha sufuria kwa ncha ya panga. Ilikuwa imeliwa na kutu ya miaka, udongo umeingia katika tundu lake, lakini waya mwekundu ulikuwa bado umezunguka mpini, mara saba.

"Hii sufuria miye njo nilifunga," akasema.

Mounira aliitazama sufuria, akamtazama yeye, akalitazama lori ng'ambo. Akatua kikapu polepole.

"Weye njo muntu wa klakson? Tatu fupi, moja ndefu?"

Florentin akatikisa kichwa kukubali. Mama yule akaketi chini, pale pale juu ya nyasi zilizofyekwa, akiwa amejishika kiuno.

"Florentin," akasema. "Jina tulikuwa tunajua. Klakson tulikuwa tunajua. Sura ndiyo hatukujua."

Kisha akamweleza, na sikusudii kupamba. Usiku wa pili baada ya Florentin kuondoka, habari zilifika kwamba wenye bunduki wako karibu, na watu wote wa Lukemba wakakimbilia msituni. Walimbembeleza Élisabeth aende nao. Mama Aïcha, mama yake Mounira, alimvuta mkono kabisa. Élisabeth alikataa. Alisema, bwana yangu aliniambia nisitoke hapa, kesho anarudi. Wenye bunduki walimkuta amekaa kwenye ngazi ya lori. Walimfanyia waliyomfanyia, wakalitia lori moto akiwa karibu, mguu wake mmoja ukaungua. Mama Aïcha ndiye aliyerudi alfajiri kumtafuta, akambeba mgongoni mpaka msituni, mwanamke mzee vile. Alimtunza wiki tano kwa majani na maji ya moto. Kisha homa ikamchukua mzee mwenyewe.

"Tulimuleta kumuzika hapa mbele ya nyumba yake, tukiogopa sana," Mounira akasema. "Hatukuwa na chombo hata kimoja. Nyumba ilikuwa imeungua, mama analala hivi hivi, kama muntu bila watoto. Élisabeth njo aliokota sufuria yake ndani ya majivu. Alikuwa na hiyo tu. Akasema, mama huyu alinibeba, hawezi kulala bila kitu. Akaiweka hapo."

"Hakufa," Florentin akasema. "Ile mwaka hakufa."

"Alikufa mwaka elfu mbili na saba. Homa tu, kama batu wengine."

Florentin aliumia, na sitatafuta neno lingine. Hesabu ilijifanya yenyewe kichwani mwake, kama ile ya betri. Alianza kupita 2004. Miaka mitatu. Safari mbili kila mwezi. Nyumba ya Mounira, alimoishi Élisabeth, ilikuwa ile pale juu, yenye bati jekundu, unaiona ukiwa barabarani.

"Juu ya nini hamukuniambia? Hata muntu moja, hata mara moja, kusimama njiani..."

"Tuseme nini, papa? Weye ulikuwa unapiga klakson!" Mounira hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililokuwa gumu kubeba. "Kwanza tuliambiwa ulikufa. Halafu siku moja inalia, tatu fupi, moja ndefu. Élisabeth akasimama na mguu wake mubaya, akasema, ni yeye! Akabandika maji. Na gari ikapita. Tukasema, labda ana haraka, atarudi. Ikapita tena. Élisabeth akasema, kama anapiga, anajua niko hapa. Kama hasimami, ni juu ya mutoto. Amesikia juu ya mutoto, na amenikataa. Akanikataza kusema."

"Mutoto gani?"

"Alizaa kule msituni. Ya wale watu."

"Miye sikujua. Nilikuwa ninapigia kaburi. Nilifikiri ni yeye analala hapa."

Mounira alipitisha kidole kwenye waya mwekundu wa sufuria.

"Nani anapigiaka maiti klakson, papa?" akauliza.

Wakati huo Princesse alikuwa amevuka barabara kumwita Mounira kwa ajili ya chakula, na alikuwa amesimama hapo, hakuna aliyejua tangu lini. Mounira akasema, bila kugeuka, "Mutoto njo huyu." Yeye Mounira ndiye aliyemlea baada ya mama yake kufa, masista wakamsomesha, na sasa anadunga sindano Lukemba nzima.

Princesse alikuwa na miaka ishirini na mitano na urefu wa mama yake. Hakulia. Alimtazama Florentin kama anavyotazama mgonjwa aliyechelewa kuja.

"Mama alikuwaka ananituma," akasema. "Yeye alikuwa anaona haya kushuka, na mguu haukumuruhusu. Akisikia klakson, anabandika maji, halafu ananiambia: kimbia, simama pale karibu na sufuria, gari ikifika sema 'Mama iko juu kule.' Maneno haya tu. Njia nzima ninayasema ili nisisahau. Halafu gari inafika, kubwa, na kelele, na miye ninasahau. Ninapunga mukono tu."

Akaondoa jani kavu juu ya sufuria.

"Ulikuwaka unaniona?"

Florentin angeweza kusema hapana. Vumbi, mwendo, miaka mingi, nani angemshika uongo? Mounira mwenyewe alitazama pembeni kumpa nafasi.

"Nilikuona," akasema. "Kila mara. Nilikuwa ninakupungia mukono."

"Ndiyo," Princesse akasema. "Nilikuwa ninaenda kumwambia mama: amenipungia mukono." Akageuka, akarudi kituoni kwa wagonjwa wake.

Mounira alimpeleka Florentin juu, nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Kaburi la Élisabeth lilikuwa limepangwa mawe vizuri na kufagiliwa, lakini juu yake hapakuwa na chombo chochote. Élisabeth alikuwa ametoa sufuria yake, Mounira akaeleza, na baadaye alipopata nyingine akasema zile si zake, ni za nyumba, wabaki nazo walio hai. Florentin akaomba apandishe ile ya barabarani.

"Hapana," Mounira akasema kwa upole. "Alimupa mama yangu. Hairudi."

Alikubali kwamba ni haki. Aliketi kando ya mawe, akazungumza na mke wake kwa sauti ya chini, mambo ambayo hayatuhusu. Mounira aliyasikia machache tu. Alimsikia akiomba msamaha kwa sababu ya lori la tajiri, lori ambalo tajiri mwenyewe hakuwahi kuliulizia baada ya vita.

Saa tisa Sandrine akamwita kutoka bondeni. Betri ilikuwa imejaa, na ilibidi waondoke sasa ili wafike Kama mwanga ungalipo. Florentin alishuka, akaaga, Mounira akampa mihogo ya njiani kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Princesse alichomoa waya, akauviringisha, akasimama mlangoni mwa kituo, mikono ndani ya mifuko ya koti lake jeupe.

Florentin alipanda. Daftari lilikuwa juu ya dashibodi, limefunguka palepale: Lukemba, masaa matano. Akaelewa kwamba gari hili halina nguvu ya kupita. Kila safari ya ushirika, kwenda na kurudi, itabidi lisimame hapa, masaa matano, mpaka yeye aache kuendesha. Gari lenye nguvu ya kupita ndilo alilokuwa nalo wakati ule.

Akakanyaga. Lori likajongea kimya hadi ukingo wa barabara, ambapo mbuzi wawili walikuwa wamelala na watoto wakicheza mpira wa majani.

"Klakson, papa," Sandrine akamkumbusha. "Hawakusikii."

Alikuwa akiwatazama mbuzi. Hakufikiri. Mkono ulifanya ulichozoea miaka yote: tatu fupi, na moja ndefu.

Mlangoni mwa kituo Princesse alishtuka. Kabla hajajua anafanya nini, alikuwa ameshakimbia hatua tano, sita, kuelekea kwenye kaburi lenye sufuria. Alisimama pale, koti jeupe, mdomo wazi, na mkono wake ukapanda juu kupunga. Kisha akajiona. Akaanza kuushusha kwa aibu, muuguzi mzima mbele ya watoto.

Florentin alikanyaga breki.

"Tutachelewa, papa," Sandrine akasema. "Iko nini?"

Florentin alifungua mlango, akashuka, akasimama mbele ya yule binti.

"Sema," akamwambia. "Nimesimama."

Princesse alitikisa kichwa mara mbili, machozi yakimtoka sasa, akijaribu kuficha uso.

"Mama iko juu kule," akasema.